Ng'ombe Atakula Nini Mwezi wa Kumi?

Najua ukurasa huu umekaa kimya wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa safarini, na kilichonisafirisha ndicho kilichozaa makala hii. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Yote yalianza na habari niliyoiandika gazetini wakati wa kiangazi. Nilitumwa kwenye mkutano wa maofisa kuhusu vyanzo vya maji. Mmoja wao akasimama akasema mifugo ndiyo inayomaliza ardhi yetu na dawa yake ni moja tu, kuiondoa. Nikaandika kama alivyosema. Mhariri akaipa kichwa kikubwa cha habari, nami nilipoliona jina langu juu yake nikajiona nimefika. Mfugaji sikumuuliza hata mmoja.

Siku mbili baadaye akanipigia mjomba wangu kutoka Kondoa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, mvua na watoto. Kisha akasema, "Mpwa wangu, nimekusoma. Kiswahili kimenyooka. Lakini kuna swali hukuuliza. Huyo ng'ombe unayemshtaki, mwezi wa kumi ulitaka ale nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba likizo, nikapanda basi.

KONDOA, MWAKA 1979

Kwetu upande wa mama ni Irangi, kwenye milima ya Kondoa, si mbali na Haubi. Wengi wanaijua Kondoa kwa michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Lakini ukishuka bondeni utakutana na michoro mingine, iliyochorwa na maji. Ni makorongo. Mengine ni marefu kwenda chini kiasi kwamba mtu akisimama ndani humwoni. Chini yake pana mito ya mchanga, mipana, ambayo sehemu kubwa ya mwaka haina maji ya kuonekana.

Mmomonyoko huu haukuanza jana. Watafiti waliopima umri wa udongo uliokusanyika chini ya miteremko walikuta kwamba sehemu yake ilishuka maelfu ya miaka iliyopita, kabla mtu yeyote hajafunga ng'ombe kamba, na kwamba wimbi jingine lilianza karne nyingi kabla ya ukoloni. Hata hivyo wimbi la karne ya 20 lilikuwa na mkono wa mtu, na lilikuwa kali. Watu na mifugo walibanana milimani, kwa kuwa tambarare za chini zilikuwa na mbung'o na maji haba. Misitu ilifyekwa kwa mashamba na kuni. Waingereza walipotawala waliona hatari, wakawaamuru watu kuchimba makinga maji na kupunguza mifugo. Kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti, na uhuru ulipokuja watu waliitupa pamoja na mkoloni aliyeileta. Nani angeendelea kuchimba mtaro uliompatia babu yake viboko?

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni kazi ilikuwa ya matuta, matrekta na vitalu vya miti. Lakini miti ilipandwa na ng'ombe na mbuzi waliendelea kupita juu yake. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi ambao wazee wa Kondoa bado wanahesabia miaka kwa huo: mifugo yote itoke katika eneo lililomomonyoka, kilometa za mraba 1,256. Yote, maana yake ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Iliondoka mifugo zaidi ya 80,000.

Mjomba alikuwa na miaka 11. "Babu yako alikuwa na ng'ombe 31," aliniambia tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake. "Nilikuwa nawajua mmoja mmoja, kama ninavyowajua ndugu zangu. Tuliwaswaga usiku kwa sababu ya jua, mimi, babu yako na kaka yangu. Tukawapeleka kwa jamaa yetu tambarare, nje ya mpaka. Babu yako akarudi na fimbo tu."

Ng'ombe waliowekwa ugenini hawakuwahi kurudi. Wengine walikufa kwa ndigana, wengine waliuzwa mmoja mmoja, ada ya shule, mazishi, mahari. Nyumbani samadi ikakosekana, na shamba lisilo na samadi kwenye udongo uliochoka ni sawa na kupanda juu ya saruji. Mama yangu alikuwa na miaka minane, na anakumbuka kwamba kuanzia mwaka ule maziwa yaliwajia kama zawadi ya mgeni.

Nilidhani sasa mjomba ataniambia kwamba uamuzi ule ulikuwa ovyo. Akanyamaza kidogo, akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Lakini nyasi zilirudi. Hilo siwezi kulikana mbele ya Mungu. Mvua mbili tatu tu, mahali palipokuwa pekundu pakawa kijani. Na miti ambayo hakuna aliyeipanda ikaota."

Wanasayansi waliofika baadaye waliandika hivyo hivyo. Mimea ilirudi upesi kuliko walivyotarajia, na maji ya mvua yakapunguza kasi. Kwa hiyo wale waliosema mifugo ilikuwa inaiumiza ardhi ya Kondoa hawakusema uongo. Na wale waliolia kwa kupokonywa maziwa na samadi nao hawakusema uongo. Mimi gazetini nilikuwa nimechukua nusu moja tu ya mambo haya.

NYASI INAVYOKUFA

Hapa inabidi niwaeleze jambo nililofundishwa na mtaalamu mmoja wa malisho, kwa sababu bila hilo historia yote hii haieleweki.

Nyasi haifi kwa sababu imeliwa. Nyasi imeumbwa kuliwa. Inakufa kwa kuliwa wakati usiofaa. Mvua za kwanza zinaponyesha, majani machanga hutoka kwa akiba iliyowekwa kwenye mizizi, na mmea unakuwa kama mkulima aliyetoa mbegu ya mwisho ghalani. Ng'ombe akiyakata majani hayo hapo hapo, na kesho tena, na keshokutwa tena, mizizi inasinyaa. Mwaka unaofuata nyasi nzuri haipo, pana magugu yasiyolika au udongo mtupu. Tone la mvua likigonga udongo mtupu hupasua vumbe zake na kuziba vitundu, maji hayazami, yanatiririka, na hapo korongo limezaliwa. Kwato zilizoshindilia ardhi kuzunguka lambo na kisima huongeza balaa.

Sasa piga hesabu. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anahitaji kilo 6 hivi za malisho makavu kwa siku. Kiangazi cha miezi minne ni siku 120. Mwenye ng'ombe 10 anahitaji kilo 7,200, yaani tani saba na ushee, na asipokuwa nazo ng'ombe hao wataingia mwezi wa kumi wakiwa mifupa na ngozi. Mvua ikianza wataivamia nyasi changa kwa njaa, na hapo ndipo wanapoiua. Uharibifu wa Desemba unapangwa na njaa ya Oktoba.

Ndiyo maana swali la mjomba lilikuwa zito kuliko makala yangu. Na kuna mahali nchini ambapo watu walikuwa na jibu lake tangu zamani.

SHINYANGA NA NGITILI

Kama kuna mahali pa kulinganisha na Kondoa ni Shinyanga. Hata majina ya miradi yao yanafanana kama watoto wa baba mmoja: HADO na HASHI. Kutoka Kondoa sikurudi Dar, nilikwenda huko.

Wasukuma wana kitu kinaitwa ngitili. Ni sehemu ya malisho ambayo familia au kijiji huifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi inakua, inachanua, inamwaga mbegu, inakauka ikiwa imesimama. Kiangazi kikikolea, malisho mengine yakiisha, ngitili inafunguliwa, na mara nyingi wanaoanza kuingia ni ndama, wagonjwa na ng'ombe wa maziwa. Ni ghala la chakula lisilo na paa. Na kumbuka lile somo la mizizi: ngitili inafungwa wakati ule ule ambao nyasi inahitaji kuachwa. Waliobuni utaratibu huu hawakuhitaji maabara.

Basi ilikuwaje nchi yenye utaratibu kama huo igeuke kuwa jangwa?

Ilianza na miti. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Palipokosa ng'ombe na watu vichaka vilirudi, na vichaka vikaleta mbung'o. Waingereza waliiweka Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yao ilikuwa shoka. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ilifyekwa kwa maelfu ya mikono ya wanakijiji. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Ikafuata pamba, ambayo nayo ilitaka ardhi, na pesa ya pamba mara nyingi ilinunua ng'ombe. Toka mwaka 1947 mkoloni akaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ambao pamoja na mambo mengine uliwalazimisha watu kupunguza mifugo yao. Hasira ya amri zile ilikuwa kuni nzuri kwa moto wa siasa za uhuru.

Baada ya uhuru likaja pigo ambalo tulijipiga wenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na siibezi. Lakini ngitili ilibaki nyuma ikiwa haina mwenyewe, na mifugo ya kijiji kizima ikawa inachungwa kuzunguka kijiji. Sheria ya asili iliyokuwa inasema nani afunge na nani afungue ilikosa mtu wa kuisimamia.

Mwalimu Nyerere alipofika Shinyanga mwaka 1984 aliona jangwa linanyemelea. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambayo ilisaidiwa na Norway na baadaye na watafiti wa kilimo mseto. Mwanzo wake haukutofautiana sana na ule wa wengine: vitalu vya miche, hotuba na miti ya kigeni. Watu hawakuchangamka. Mabadiliko yalikuja wataalamu walipowauliza wazee jinsi walivyokuwa wakifanya zamani, na wazee wakasema ngitili.

Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki ngitili zenye ukubwa wa hekta 600 hivi mkoa mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikupandwa mche hata mmoja. Ilifungwa tu, visiki na mizizi iliyokuwa imelala chini ikaamka. Waliovunja sheria hawakupelekwa kwa askari wa kigeni, walikutana na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu. Mradi uliisha mwaka 2004, lakini ngitili hazikuisha siku hiyo, kwa kuwa hazikuwa za mradi.

Mzee mmoja alinizungusha kwenye ngitili yake. Alinionyesha kuni, dawa za tumbo, mizinga ya nyuki, nyasi za kuezekea na migunga ambayo maganda yake mbuzi huyagombania. Nilimuuliza kama hakuna matatizo. Alicheka. "Mwanangu, pasipo na matatizo hapana watu." Akaniambia kuna wenye ng'ombe wengi wanaokodi ngitili za wasio na ng'ombe, hivyo kiangazi maskini anabaki na hela kidogo huku tajiri akibaki na majani. Watoto wanaongezeka na kila mmoja anataka shamba. Kwa hiyo msinielewe kwamba huko ni peponi. Lakini nilichokiona ni ng'ombe na miti mahali pamoja, kitu ambacho yule ofisa wa mkutano alisema hakiwezekani.

NUSU YA PILI YA KONDOA

Tusiihukumu HADO kwa mwaka mmoja tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa kurudi Kondoa, lakini kwa masharti. Walikuwa ng'ombe chotara wa maziwa, wawili watatu, wa kulishwa bandani. Mwenye kutaka alipaswa kuwa na banda na shamba la malisho, majani ya tembo na mengineyo. Ng'ombe hatembei, majani ndiyo yanayotembea, mara nyingi juu ya kichwa cha mwanamke. Samadi inakusanyika mahali pamoja na kurudi shambani.

Mjomba ana mmoja, anaitwa Subira. Babu hakuwahi kupata. Banda lilitaka pesa, ng'ombe chotara alitaka pesa, na ng'ombe ambao wangeuzwa kupata pesa hiyo walikuwa wamekwisha. Hilo ndilo doa ninaloliona. Mwaka 1979 jibu la "asile hapa" lilitolewa mara moja, na jibu la "basi ale nini" likachukua miaka kumi kufika. Katika miaka hiyo kumi mzee wa watu alizeeka.

KOSA LILE LILE

Ungedhani tumejifunza. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu na bonde la Usangu, kwa maelezo kwamba mifugo ilikuwa inaukausha mto Ruaha Mkuu. Mto huo ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi tangu mwaka 1993. Watu na ng'ombe wakapakiwa na kuswagwa kuelekea Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti wa maji walikuwa wameshaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi yalichepushwa juu zaidi, kwenye mifereji ya umwagiliaji. Ng'ombe waliondoka, na mto uliendelea kukauka miaka mingi baadaye.

Siandiki haya kumtakasa ng'ombe. Duniani ana mashtaka mengine makubwa. Anapocheua hutoa gesi ya methani, inayopasha joto angani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2006 kwamba mifugo yote ya dunia inachangia asilimia 18 ya gesijoto zinazotokana na binadamu. Mwaka 2013 kadirio likawa asilimia 14.5, na mwaka 2023 kama asilimia 12, kwa kuwa njia za kuhesabu zilibadilika. Hata tukichukua dogo kabisa, si jambo la kupuuza, hasa kwa nchi kama yetu yenye ng'ombe zaidi ya milioni 35.

Lakini hata hapo swali ni la malisho. Ng'ombe anayekula mabua makavu hutoa gesi, na maziwa hutoa lita moja au mbili. Akipata majani mazuri, lukina kidogo na mashudu ya pamba, maziwa yanaongezeka kuliko gesi inavyoongezeka. Kwa hiyo kila lita inaigharimu anga kidogo zaidi. Mfugaji naye anaweza kuwa na ng'ombe watano pale alipohitaji kumi na tano, mradi awe na uhakika kwamba hao watano hawatakufa kiangazi. Mtu hapunguzi mifugo kwa kuogopa hotuba. Anapunguza akiwa na uhakika wa kesho.

Usiku wa mwisho kabla sijaondoka Kondoa nilimwambia mjomba kwamba nitaandika upya. Akasema, "Usiandike kwamba ng'ombe hana kosa. Mimi nimechunga, najua wanavyokula. Andika tu kwamba aliulizwa swali na mwenye kujibu hakuwepo."

Nilipeleka makala kwa mhariri. Amesema itasubiri nafasi. Nikaona nisisubiri naye, nikaiweka hapa kwanza, na yule niliyemnukuu mwanzo nimemtumia nakala. Nimemwandikia pia swali la mjomba. Akinijibu nitawaambia.

Mpaka siku nyingine, wapendwa. Asubuhi ya kuondoka mjomba alinipa chupa ya maziwa ya Subira nimpelekee mama. Aliyanywa yote bila sukari, halafu akaniomba nimsimulie tena kuhusu zile nyasi.